Mama Dubu Amesafiri

Kiingilio cha kuona katuni kwa shangazi yangu Kandida ni miguu safi. Jumamosi saa nane mchana watoto wa mtaa wetu hapa Daraja Mbili wanapanga foleni kwenye bomba la uani, wananawa tope, halafu wanapita mlangoni mmoja mmoja huku shangazi akiwakagua.

"Geuza. Nyayo. Hicho kisigino ni chako au umeazima? Rudi bombani."

Hatanii, kwa sababu chumba cha katuni ndicho chumba chake cha kazi. Jumatatu mpaka Ijumaa anafuma masweta ya shule humo ndani kwa mashine ya mkono, na kwa Arusha hii ya mwezi wa saba, mlima umejifunika wingu wiki nzima, hakuna mzazi asiyehitaji sweta. Jumamosi anaifunika mashine kwa shuka, anasukumia mifuko ya uzi ukutani, anawasha tivii, anashika maiki. Hapo shangazi wa masweta anakwisha. Anakuwa sungura, anakuwa mbwa mwitu, anakuwa bata mzinga mwenye mafua.

Nimekaa kwake tangu nianze kidato cha kwanza, sasa niko cha tatu, na bado sijazoea. Huyu mtu anasikia Kiingereza kwenye filamu na kutoa Kiswahili palepale, bila kuandika, bila kusimamisha chochote. Wala si Kiswahili cha vitabuni. Mbweha akimlaghai kuku, kwa shangazi anaongea kama dalali wa vyumba: "Dada yangu, nakuonea huruma tu. Umeme upo, maji yapo, jirani zako watu wa kanisani. Njoo uone mwenyewe." Watoto wanavunjika mbavu. Wanyama wote amewapa majina. Zamani walikuwa Wachaga watupu kama sisi, Massawe, Kimaro, Shirima, mpaka majirani wakalalamika, "Kandida, huko porini hakuna kabila lingine?" Ndipo wakaingia akina Laizer na Pallangyo. Abasi, mtoto wa mama muuza maandazi, alipouliza mbona hakuna mnyama Mwislamu, wiki iliyofuata kobe mwenye akili kuliko wote akaitwa Alhaji. Abasi alitembea kifua mbele siku nzima.

Shangazi alikuwa mwalimu wa chekechea kabla shule yao haijafungwa. Anasema alianza kutafsiri kwa kero tu. Aliwawekea watoto katuni ya Kiingereza ili apumue kidogo, "wakawa wananiuliza anasemaje, anasemaje, anasemaje, mpaka nikaona bora niseme mimi."

Kuna kitu kilinisumbua tangu siku za kwanza. Katika hizi filamu za watoto wa wanyama, kwa nini lazima mzazi afe? Mtoto anazaliwa, anacheza, mzazi anakufa, mtoto anatangatanga, anapata rafiki mjinga, anarudi mkubwa. Awe paa, awe ndege, ni hivyo hivyo. Nilimwuliza shangazi.

"Mzazi akiwepo atamkataza kutoka nje," akasema. "Filamu itaisha saa hiyohiyo."

Jibu lilinitosha. Ila kwa shangazi yangu hakuna mzazi aliyewahi kufa. Kwenye tivii anaanguka, anazama, anafukiwa, lakini kwenye maiki amesafiri. Baba wa paa alikwenda Mererani kwenye machimbo. Mama bundi alikwenda Dodoma kusoma. Na watoto wakiuliza atarudi lini, shangazi anawajibu, "Sehemu ya pili."

Yote haya yalianza kwa Nice.

Nice ni mtoto wa Meshack Kaaya, Mmeru wa Nkoaranga, mpangaji wa chumba cha mwisho uani kwetu. Meshack ni mpagazi, anawabebea mizigo wageni wanaopanda Mlima Meru. Akiwa mlimani Nice anakula kwetu na kulala kwetu. Mama yake, Joyce, alikufa Nice akiwa na miaka minne. Aliugua ghafla, na kabla watu hawajaelewa ni ugonjwa gani, basi. Siku ya mazishi watu wote wa uani walipanda kwenda Nkoaranga. Wakubwa walisema mtoto mdogo namna ile hapelekwi kaburini, kwa hiyo shangazi akabaki naye, na mimi kwa vile nilikuwa mgeni mjini nikabaki nao. Shangazi alimpakata, akaweka filamu mpya ambayo hata yeye hakuwa ameiona. Ilikuwa ya mtoto wa dubu. Aliona picha ya dubu anacheka juu ya kava, akadhani ni vichekesho.

Dubu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Meshack alikuja kutuambia baadaye kwamba ni kama mbega aliyenyimwa mkia akapewa unene wa ng'ombe. Lakini Nice alimpenda palepale, na shangazi, ili kumfurahisha, akampa yule mtoto wa dubu jina la ukoo wa Nice mwenyewe: Kaaya. Mama yake alikuwa dubu mweusi, sikio la kushoto limechanika. Ikafika mahali mlima unanguruma, mama anamsukuma Kaaya juu ya jiwe kubwa, theluji inashuka na kumfukia mama. Kaaya anachimba. Anaita. Hakuna kitu.

"Mama yake yuko wapi?" Nice akauliza.

Nilimwangalia shangazi. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno.

"Amesafiri," akasema.

"Atarudi?"

"Atarudi."

Jioni Meshack alirudi na udongo wa kwao kwenye viatu. Nice akamkimbilia mpaka getini. "Baba, mama wa Kaaya amesafiri! Na mama yangu amesafiri?" Meshack akamtazama shangazi juu ya kichwa cha mtoto. Halafu akasema, "Eeh, mama. Amesafiri."

Likawa ndilo neno la uani. Watoto wakubwa walikanywa. Abasi, ambaye mdomo wake hauna komeo, aliahidiwa pilipili. Na ili uongo mmoja usiumbuliwe na mwingine, wazazi wote kwenye katuni wakaanza safari.

Msidhani shangazi aliridhika. Ilimkera kama kijiwe ndani ya kiatu. Kila baada ya muda alimwendea Meshack, na mimi nilisikia, kwa sababu dirisha langu liko juu ya ngazi ya chumba chake.

"Baba Nice, mwambie mtoto."

"Akikua, dada."

"Akikua lini?"

"Akianza shule."

Nice akaanza shule. Shangazi akaenda tena. "Akijua kusoma, dada." Nice akajua kusoma, na alijua haraka, alisoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Shangazi akaenda tena. Safari hiyo Meshack alisema ana homa ya mlima, akafunga mlango.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Muzammil akaingia uani. Muzammil ni kijana anayeuza filamu kwa kuzijaza kwenye flashi, ana kibanda karibu na soko. Alikuwa bado getini anapiga kelele.

"Shangazi! Dubu sehemu ya pili imetoka!"

Uani watoto walikuwa kama kumi hivi. Unaweza kufikiri mwenyewe. "Mama Kaaya anarudi! Mama Kaaya anarudi!" Walizunguka bomba wakiimba. Nice hakuimba. Alikuja taratibu mpaka kwenye mashine ya kufumia, akamshika shangazi gauni.

"Ni Jumamosi hii?"

"Ni... ndiyo. Jumamosi."

Mtoto alipotoka, shangazi akamgeukia Muzammil. "Wewe una mdomo kama spika ya mnada! Ungekufa ukiniletea kimya kimya?"

"Sasa shangazi, nilidhani utafurahi. Nimeitafuta mtandaoni usiku mzima."

"Umeiangalia?"

"Nimeangalia mwanzo. Noma sana, dubu amekua, ana mabega!"

"Mama yake yumo?"

Muzammil akafikiri. "Mama yake si alikufa, shangazi?"

Nilidhani atapigwa na kopo la uzi.

Tuliitazama Ijumaa mchana, mimi na shangazi, mlango umefungwa. Kaaya ni mkubwa sasa, manyoya mpaka machoni. Anatafuta eneo lake mwenyewe, anapigana, anaogopa, anavuka mto. Mama hayumo. Shangazi alikuwa anasogeza mbele, anarudisha nyuma, anasogeza mbele, kama mtu anayetafuta hereni kwenye mchele. Dubu jike alikuwa mmoja tu kwenye filamu nzima. Mnene, rangi ya kahawia, na masikio mawili mazima.

"Huyu," shangazi akasema.

"Shangazi, huyu hafanani naye hata kidogo."

"Amenenepa. Huko alikokwenda walikuwa wanamlisha vizuri."

"Na rangi?"

"Jua."

"Na sikio?"

"Agnela, una kazi ya shule?"

Ninayo, nikasema. Akaniambia nikaifanye.

Jioni ile alikwenda kwa Meshack mara ya mwisho. Meshack alikuwa ameteremka mlimani mchana, amekaa kwenye ngazi yake anakwangua tope kwenye buti kwa kisu kibovu. Nice alikuwa ametumwa dukani.

"Shikamoo, dada Kandida."

"Marahaba. Huko juu?"

"Baridi. Wageni wameishia nusu, wamekataa kuendelea."

"Meshack, mwambie mtoto leo. Kesho nina ile filamu."

"Filamu ni filamu tu, dada."

"Kwako. Kwa mwanao kesho mama anashuka kwenye basi."

Meshack akaendelea kukwangua. "Basi tafsiri utakavyo. Si wewe uliyeanza?"

Shangazi aliitikia kwa kichwa. "Ni mimi. Siku ile sikuwa na neno lingine. Lakini mimi nilikuazima neno la siku moja, Meshack. Wewe umelijengea nyumba, umehamia."

"Akikua..."

"Hata dubu amekua! Nimemwona mchana huu! Mwanao tu ndiye haruhusiwi?"

"Dada." Meshack aliweka buti chini. "Wewe hujazaa. Hili huwezi kulijua."

Nilitamani dirisha langu lingekuwa upande mwingine wa nyumba. Shangazi aligeuka. Alirudi chumbani kwake, akafunua mashine, akaanza kufuma sweta ambalo hakuna aliyeliagiza, anasukuma mkono wa mashine kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika. "Ruwa wangu," nikamsikia anamwita Mungu kwa Kichaga. "Ruwa wangu, watu hawa."

Jumamosi foleni ya bombani ilizunguka hadi kwenye kamba za nguo. Nice alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, lile la pinki lenye mkanda, nywele zimepakwa mafuta, soksi mkononi ili zisilowane. Kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Shangazi alimwona, akasahau kumkagua miguu.

Filamu ikaanza. Kwa kweli shangazi alifanya kazi siku ile. Alimpa Kaaya sauti ya mvulana ambaye sauti imeanza kukatika, inapanda, inashuka, watoto wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Alimpa mbwa mwitu lafudhi ya mgambo wa soko. Lakini najua alikuwa anahesabu matukio yaliyobaki kabla ya dubu mnene.

Dubu mnene akatokea pangoni.

"Kaaya mwanangu!" shangazi akaita kwa ile sauti ya chini ya mama dubu aliyoianza siku ya mazishi. "Nimerudi!"

Nice alisimama.

"Huyo siyo," Abasi akasema.

"Ni yeye," shangazi akasema kwenye maiki. "Amenenepa tu."

"Alikuwa mweusi!"

"Jua la safarini."

"Na sikio? Sikio lilikuwa limechanika!"

"Alitibiwa."

"Sikio halioti, shangazi!"

"Mkia wa mjusi mbona unaota?"

"Dubu siyo mjusi!" chumba kizima kikapiga kelele, na ingeishia kwenye kicheko tu, kama kawaida yetu. Lakini wakati huohuo, kwenye tivii, dubu mnene akampiga Kaaya kofi moja zito, akamng'ata begani, akamfukuza pangoni kwake. Alikuwa dubu wa kando tu, analinda makao yake. Sisi wawili tulijua. Watoto hawakujua.

"Mama gani huyo anampiga mtoto wake!"

"Shangazi, mbona anamfukuza?"

Shangazi alikuwa anatafuta neno. Nilimwona anatafuta. "Ame... amemsahau kidogo," akasema. "Safari ilikuwa ndefu."

Nice akageuka nyuma. Hakutazama tivii tena, alimtazama shangazi. "Amemsahau?"

Sijui nieleze vipi uso ule. Alikuwa mtoto ambaye kwa siku zake zote amesubiri, na sasa ameambiwa jambo ambalo hakuwahi kuliogopa kwa sababu hakuwahi kulifikiria.

Filamu haikusimama. Filamu haijali. Kaaya alikuwa anapanda mlima na bega lake bovu, usiku, hakuna maneno, hata muziki hakuna, upepo tu. Akafika kwenye lile jiwe kubwa la sehemu ya kwanza. Watoto walilijua, wakanong'ona. Akainusa theluji, akazunguka, akalala chini juu yake, akaweka kidevu. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna mtu anayesema kitu, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Shangazi alinyanyua maiki, na alikuwa na nafasi ya kusema lolote duniani. Akaishusha.

"Anafanya nini pale?" Nice akauliza.

"Amekuja kwa mama yake."

"Hayupo."

"Yupo. Yuko chini yake."

Nice akatazama tivii. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayesoma ubaoni, "Kama Nkoaranga. Kwenye migomba ya babu kuna saruji ina msalaba. Nilisoma siku ya Pasaka. Imeandikwa Joyce. Baba alisema ni Joyce mwingine."

Abasi aliziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Ni mwingine?" Nice akauliza.

"Hapana," shangazi akasema. "Ni mama yako."

"Kwa hiyo hajanisahau?"

"Hajakusahau, mwanangu. Alikufa."

Sauti ilitoka kwenye spika, kwa sababu maiki ilikuwa bado imewashwa, ikasikika uani kote. Shangazi aliizima, lakini ilikuwa imekwisha kutoka. Nice alikaa chini. Alianza kuvaa soksi zake, moja, halafu nyingine, na ya pili aliivaa kisigino juu. Meshack alikuwa mlangoni kabla hajamaliza. Alimnyanyua pamoja na gauni lake lote la pinki.

"Dada Kandida," akasema, "mwanangu hatakanyaga humu tena."

Watoto waliondoka bila kufukuzwa. Filamu iliendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho, na hakuna aliyeuliza anasemaje.

Kesho yake Meshack alimchukua Nice wakaenda Nkoaranga, chumba chao kikabaki na kufuli. Wiki ile haikuwa na raha. Shangazi alifumua sweta moja mara tatu. Aligombana na muuza uzi, akagombana na Muzammil aliyekuja kuuliza kama filamu ilipendeza, akagombana na mimi kwa sababu ya chumvi. Majirani nao, walewale waliomkanya Abasi kwa pilipili, sasa walikuwa wanasema bombani na dukani kwamba Kandida hana kifua, Kandida kamwambia mtoto mambo mazito mbele za watu, kwenye spika.

"Kwani wao walitaka aambiwe lini?" nikamwuliza.

"Akikua," shangazi akasema, akakata uzi kwa meno.

"Wewe unaona ulikosea?"

"Nilikosea siku ya mazishi. Jumamosi nilichelewa. Ni makosa mawili, usiyachanganye." Akafuma mistari kadhaa. "Kinachoniudhi ni kwamba nilimwachia filamu imwambie. Filamu ya watu wa mbali, ya mnyama ambaye hata hatumjui. Sisi wote hapa uani tuna midomo."

Jumamosi watoto wakaja vilevile. Aliwaambia hakuna katuni. Wakanawa miguu. Akawaambia tena hakuna. Wakakaa kwenye mkeka, wakatazama tivii iliyozimwa. Shangazi akakaa kwenye kiti cha mashine, mgongo umewaelekea.

Tukasikia bomba linafunguliwa. Nilichungulia. Meshack alikuwa ameinama uani, suruali imekunjwa hadi magotini, ananawa miguu yake mikubwa ya mpagazi, kucha mbili nyeusi kwa kuteremka mlima. Nice amesimama pembeni yake, amevaa sweta la shule, amemshikia viatu.

"Baba, na nyayo."

Akanawa nyayo. Akaja mpaka mlangoni, akasimama, akamgeuzia shangazi mguu mmoja, halafu mwingine, bila kutabasamu.

"Sijakusamehe, dada," akasema. "Nimeletwa."

"Pita," shangazi akasema.

"Anataka ile ya kwanza. Pale alipofukiwa. Nimempeleka kaburini, nimemwonyesha. Sasa anauliza alikufaje. Kila nikifungua mdomo..." Akatikisa kichwa. "Akasema shangazi ana ile filamu."

Shangazi akaitafuta ile filamu. Aliiweka. Meshack akakaa kwenye mkeka katikati ya watoto, magoti yake yamefika masikioni, Nice ameegemea mkono wake. Mama dubu mweusi akatokea, sikio lake limechanika, na kwa sauti ya chini shangazi akamwimbia Kaaya. Wakapanda mlima. Mlima ukaanza kunguruma. Na palepale, mama akiwa anamsukuma mtoto juu ya jiwe, umeme ukakatika.

"Aaaaah!" chumba kizima.

"Hata leo?" shangazi akasema kwa dari. "Yaani hata leo, jamani?"

Tulisubiri. Mawingu ya mlima yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati, humo ndani ni kama jioni. Abasi akasema wanakata mpaka usiku, mama yake alisikia redioni. Watoto wawili wakaanza kunyanyuka. Meshack naye akaweka mkono chini asimame, na nadhani alikuwa amepata nafuu.

"Endelea, shangazi," Nice akasema. "Si unaijua."

Shangazi alikuwa bado ameshika maiki iliyokufa. "Mlima ukanguruma," akaanza, na bila spika sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida mwenye kikohozi cha nyuzi. "Mama akaona theluji inakuja. Akamsukuma Kaaya kwa kichwa, akamsukuma tena, mpaka akapanda kwenye jiwe. Yeye hakuwahi. Theluji ikamfunika. Kaaya akachimba, akaita. Lakini mama yake alikuwa amekufa."

Nice alikuwa ameinua uso, anamtazama baba yake gizani.

"Na wangu?"

Meshack akajikohoza. "Wako hakukuwa na theluji," akasema. "Ilikuwa asubuhi, alikuwa anapika uji. Akasema kichwa kinamwuma." Nilimsikia anavuta pumzi, anaiachia, anavuta tena. Shangazi alimwelekea kidogo, na mimi nilijua neno la kumsaidia kumaliza liko tayari mdomoni mwake, kama yote yalivyo siku zote. Aliiweka maiki juu ya mashine, akakunja mikono.

"Endelea, baba," Nice akasema.